Mashine ya Kufulia Ikivuja, Tafuta Tone la Kwanza

Maji yakionekana chini ya mashine ya kufulia, watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humwita fundi siku hiyohiyo, ama hutandika tambaa sakafuni na kuendelea kufua kwa miezi. Yote mawili yana gharama. Fundi asiyeambiwa chochote zaidi ya "inavuja" ataanza kufungua, na kufungua kunalipiwa. Tambaa linaloshinda chini ya mashine nalo linaficha hatari: maji na umeme vimekutana mahali pamoja, kwenye kitu cha chuma, mahali ambapo watu husimama pekupeku.

Uvujaji mwingi wa mashine za nyumbani unatokana na vitu vidogo: washa ya mpira iliyokauka, klipu iliyolegea, kifuniko cha chujio kisichokazwa vizuri, mpira wa mlango uliochanika, au sabuni iliyozidi. Vitu hivi mwenye nyumba anaweza kuviona kwa macho yake, na vingi anaweza kuvirekebisha kwa plaizi na bisibisi. Panapohitaji subira ni kwenye kujua maji yanatokea wapi, kwa sababu maji hutembea. Tone linaloanguka kutoka kwenye vali iliyo juu, nyuma ya mashine, hufuata ubavu wa pipa, hushuka kwenye fremu, kisha hutokea kona ya mbele ambako sakafu ina mteremko. Ukilitafuta tundu hapo ulipoona dimbwi, utabadilisha mpira wa mlango usio na kosa lolote.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi. Kuzima kwa kitufe cha mashine hakutoshi. Kama maji yamefika kwenye plagi au kwenye ekstensheni iliyolazwa sakafuni, usiyakanyage. Nenda kwanza kwenye swichi kubwa ya nyumba ukazime. Kisha funga koki ya maji, na kama mashine ilikuwa inafua kwa maji ya moto, iache ipoe. Hita ya mashine ya mlango wa mbele kwa kawaida ina nguvu ya wati 2,000 hivi, na kwenye baadhi ya programu maji hufika nyuzi 90. Zaidi ya hayo, ukigusa mwili wa mashine ukahisi shoti, hata ile ndogo ya kusisimua vidole, usiendelee. Maana yake waya wa ethi haupo au haufanyi kazi, na hapo anatakiwa fundi umeme kabla ya fundi wa mashine.

Anza kwa kuuliza yanatoka wakati gani

Katika nyumba nyingi, anayeijua mashine si aliyeinunua bali anayefua nayo kila siku. Kama ni dada wa kazi, mwite umuulize, umsikilize mpaka mwisho. "Mama, ikianza haitoi kitu. Ikifika kwenye kukamua ndiyo maji yanakuja, tena kwa nyuma." Maelezo kama hayo yanakuondolea nusu ya kazi, kwa sababu kila hatua ya kufua hutumia sehemu tofauti za mashine.

Maji yanayoonekana hata mashine ikiwa imezimwa, na koki iko wazi, yanatoka kwenye mpira wa kuingizia maji, kwenye viungio vyake, au kwenye vali. Yanayoonekana dakika za mwanzo, mashine inapojaza, yanatoka kwenye droo ya sabuni au kwenye mipira inayoshuka kutoka hapo. Yanayotoka katikati ya kufua, ngoma ikizunguka polepole, yaelekea kuwa ya mpira wa mlango au povu. Yanayotoka mashine inapomwaga maji machafu ni ya pampu, chujio lake au bomba la kutolea maji. Na yanayotoka wakati wa kukamua peke yake yanakupeleka kwenye bomba hilohilo, kwenye klipu zinazolegea kwa mtikisiko, au kwenye sili ya beringi nyuma ya pipa.

Sasa yashike yale maji. Kama ni safi na hayana harufu, bado hayajaonana na sabuni, kwa hiyo tatizo liko kabla ya droo. Kama yanateleza vidoleni na yana povu, yametoka kwenye droo, kwenye mlango au kwenye pipa. Kama ni ya kijivu, yana nyuzi za nguo na harufu ya uvundo, yako upande wa pampu. Yakiwa na rangi ya kutu pamoja na weusi wa grisi, jiandae kwa habari ya beringi, nitakayoieleza mbele.

Baada ya hapo, kausha sakafu kabisa, futa mashine pande zote, na uisogeze mbele kiasi cha kuona nyuma yake. Tandika magazeti chini yake kutoka ukutani hadi mbele, kisha washa programu fupi bila nguo na bila sabuni. Kaa hapo. Usiende jikoni. Mulika kwa tochi ya simu kupitia uwazi wa chini na wa nyuma, uangalie ni karatasi ipi inayoanza kulowa. Unatafuta tone la kwanza tu, kwa sababu dimbwi likishajaa halina tena la kukuambia. Kwenye viungio vilivyo nje, pitisha kipande cha karatasi ya chooni kuzunguka kila kimoja. Inaonyesha unyevunyevu ambao kidole hakiuhisi. Angalia pia alama za zamani: maji yanayovuja pole pole huacha mstari mweupe wa chumvi au wa sabuni iliyokauka, na mstari huo ukiufuata kwenda juu unakufikisha kwenye chanzo.

Kuna kipimo kingine cha mashine ya mlango wa mbele ambacho hakihitaji umeme kabisa, nami nakipenda kwa sababu hiyo. Plagi ikiwa imechomolewa, vuta droo ya sabuni kidogo na umimine maji safi kwa jagi, lita moja baada ya nyingine, polepole. Lita mbili au tatu za kwanza zinakwenda chini kabisa ya pipa, kwenye mpira mnene unaoliunganisha na pampu. Kama maji yanadondoka mapema hivyo, tatizo liko huko chini na mlango hauhusiki. Kama yanadondoka wakati huohuo unapomimina, kisha yanakoma ukiacha, angalia droo na mpira wake. Kama hayadondoki hata baada ya lita kadhaa, tatizo linahitaji ngoma izunguke au pampu isukume ndipo lionekane.

Mpira wa kuingiza maji

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara, kwa kuwa ni rahisi na ndipo penye mafuriko makubwa zaidi. Mpira huu hukaa na msukumo wa maji muda wote koki inapokuwa wazi. Ncha zake zina nati ya plastiki ya robo tatu ya inchi, na ndani ya nati kuna washa bapa ya mpira. Washa hiyo ndiyo inayozuia maji. Mafundi wengi wa bomba huzungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi na kukaza kwa nguvu zote, lakini kwenye kiungio cha aina hii tepu haisaidii, na nguvu ikizidi hupasua nyuzi za plastiki za vali, ambayo ni ghali kuliko washa mara nyingi. Fungua nati, toa washa, iangalie. Ikiwa imekakamaa, ina ufa au imebonyea upande mmoja, nunua nyingine. Irudishe ikae bapa, kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa plaizi. Fungua koki, pitisha karatasi.

Mashine nyingi huja na kiunganishi cha kuvalisha kwenye bomba la kawaida la bafuni, kile chenye skrubu nne za kubana pembeni. Kinafaa kwa siku chache za kuhamia. Skrubu zake hulegea kila mashine inapotikisika, na siku moja kinachomoka mzima mzima. Kama unapanga kuishi na mashine hiyo, mwite fundi bomba akufungie koki yenye nyuzi za robo tatu ili nati ya mpira ikae moja kwa moja. Nyumba yenye pampu ya kuongeza msukumo wa maji inabidi ikaguliwe pampu hiyo ikiwa inafanya kazi. Tangi lililo mita tatu juu ya koki linatoa msukumo wa baa 0.3 tu, na kiungio kibovu kinaweza kustahimili hapo. Pampu ikiwaka, kinatapika.

Kwa miji yenye mgao wa maji, kuna jambo la kuongeza. Maji yakikatika watu huacha koki wazi, na yakirudi saa nane za usiku huja kwa kishindo, yakisukuma hewa, mchanga na kutu iliyokuwa imetulia kwenye mabomba. Mpira uliochoka hupasuka wakati huo. Na chembe za mchanga zinazopenya wavu mdogo wa kwenye vali hukaa kwenye kiwambo cha mpira cha ndani na kukizuia kufunga, kwa hiyo maji huendelea kuingia kidogo kidogo hata mashine ikiwa imezimwa. Asubuhi ukifungua unakuta ngoma ina maji. Ili kuthibitisha, chomoa plagi na uache koki wazi. Maji yakiendelea kuingia, vali yenyewe ndiyo mbovu au chafu. Yakikoma ulipochomoa plagi, vali ni nzima na tatizo ni la umeme au la kile kifaa kinachopima kiwango cha maji, ambalo ni la fundi.

Wavu huo unausafisha mwenyewe: funga koki, fungua nati upande wa mashine, uvute wavu kwa koleo dogo, uusugue kwa mswaki wa zamani na kuurudisha. Usifue bila wavu, hata kama maji yanaingia kwa kasi zaidi ukiutoa. Mpira wenyewe ubadilishe kila baada ya miaka mitano hivi, na mapema zaidi ukiona umevimba au una mikunjo iliyopauka. Na koki ifungwe kila mkimaliza kufua.

Povu linalofanana na uvujaji

Mashine ya mlango wa mbele hutumia maji machache, na ngoma yake inainua nguo na kuziangusha, kazi ambayo inachapa sabuni kuliko mkono wowote. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu anayefua kwenye beseni hupenda kuliona povu. Ukiitia ndani ya mashine hiyo, povu linajaa pipa lote, linapanda hadi kwenye droo, linasukumwa kwenye kingo za mlango, kisha linageuka maji sakafuni. Nyumba inaamini mashine imetoboka, kumbe hakuna kilichoharibika.

Ndiyo maana nilisema jaribio la kwanza lifanywe bila sabuni. Kama mashine haivuji kwa maji matupu na inavuja siku ya kufua, jibu umeshalipata. Nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ya aina yako, na upunguze kipimo. Wingi wa povu unategemea pia maji. Maji laini ya mvua hutoa povu haraka, ilhali ya kisima chenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za mwambao, hayatoi povu upesi. Familia iliyozoea kutia vikombe viwili kwa maji ya kisima, ikihamia kwenye maji ya bomba au ikivuna ya mvua, itaona povu mlangoni wiki hiyohiyo. Ili kuondoa sabuni iliyoganda ndani, zungusha programu ya maji ya moto mara moja au mbili ngoma ikiwa tupu.

Droo nayo ina uvujaji wake. Sabuni iliyolowa huganda kwenye tundu la chini na kwenye vitundu vya juu vinavyonyunyiza maji, na maji yakikosa njia hurudi mbele na kuchuruzika kwenye uso wa mashine. Bonyeza kitufe kilicho ndani ya droo, ivute itoke yote, iloweke kwenye maji ya moto, usugue mahali inapokaa, hasa paa lake. Kazi hii inamaliza uvujaji wa mbele kwenye mashine nyingi, na haina gharama yoyote.

Mpira wa mlango

Ule mpira mpana wa kijivu unaozunguka mdomo wa mashine unaunganisha pipa, ambalo linatikisika, na uso wa mashine, ambao umetulia. Kwa hiyo unakunjwa na kukunjuliwa kila mara. Uchunguze kwa mwanga: ufungue mkunjo wake kwa vidole, uzunguke wote, ukae zaidi upande wa chini. Hapo utakuta sarafu, pini za hijabu, vifungo, nywele, mchanga. Waya wa sidiria ni adui mkubwa, kwa sababu huchomoza na kukata mpira kama wembe kila ngoma inapozunguka. Sidiria zifuliwe ndani ya mfuko wa wavu, na mifuko ya suruali ikaguliwe kabla.

Kama mpira ni mzima lakini una utando wa sabuni au ukungu mweusi, kosa linaweza kuwa utando huo tu. Mlango unafunga kwa kioo kugusa mpira, na chochote kilichokaa katikati kinafungua njia. Futa mpira na ukingo wa kioo kwa kitambaa chenye siki, kisha kwa maji. Usitumie jiki mara kwa mara, inaukausha mpira. Angalia pia kama mlango umelala: ukiufunga unalazimika kuuinua, bawaba zimelegea, pengine kwa sababu watoto huuegemea. Kaza skrubu za bawaba.

Mpira ukiwa umechanika, kuna wanaobandika kiraka cha mpira wa baiskeli au kupaka silikoni. Kwa tundu dogo lililo juu, mbali na maji, kiraka kinaweza kukuvusha hadi mwisho wa mwezi. Kwa mchaniko wa chini sikushauri hata kidogo: mpira unakunjwa maelfu ya mara kwenye ufuaji mmoja, na gundi inaachia ukiwa kazini. Nunua mwingine. Chukua namba kamili ya modeli, ambayo imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya mlango, ukingoni au mgongoni mwa mashine, uende na picha ya mpira wa zamani. Kusema jina la kampuni na "ya kilo saba" hakutoshi, kwa sababu kampuni moja ina mipira kadhaa ya mashine za kilo saba.

Kuubadilisha kunahitaji utulivu zaidi ya nguvu. Upande wa mbele unashikwa na waya wenye springi. Ukiitoa springi kwa bisibisi bapa, mdomo wa mpira unavutika nje. Upande wa ndani unashikwa na mkanda mwingine kwenye pipa, na kwenye baadhi ya mashine huwezi kuufikia bila kutoa uso wa mbele. Kabla ya kuvuta, piga picha ya mpira ulivyokaa. Mpira mpya una alama na vitundu vya kutoa maji, na vitundu hivyo lazima viwe chini kabisa. Ukiuweka umepinda hata kidogo, maji yatatuama kwenye mkunjo na utarudi pale ulipoanzia.

Chujio, pampu na panya

Chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo, kuna chujio la pampu. Watu wengi hulisafisha vizuri na kulirudisha vibaya, na siku inayofuata mashine inavuja mbele. Kifuniko chake kina duara la mpira na nyuzi za plastiki. Chembe moja ya mchanga au uzi wa kanga ukibaki kwenye duara hilo, hakifungi. Lifute, futa na mdomo wake, lianze kwa mkono polepole ili nyuzi zishikane sawasawa, kaza hadi kikome. Kabla ya kulifungua weka trei na tambaa, kwa sababu lita kadhaa hubaki humo, na kama kuna kimpira kidogo cha kumwagia pembeni, kitumie hicho kwanza.

Ukiilaza mashine kidogo kwa msaada wa mtu wa pili, ukaiegemeza ukutani mahali palipo imara, utaweza kumulika chini na kuona mpira mnene kati ya pipa na pampu. Klipu zake hulika kwa kutu, na kwa wanaotumia maji ya chumvi hulika mapema. Klipu mpya ya chuma kisichoshika kutu ni kitu cha bei ndogo. Pampu inayovuja kwenye mhimili huacha michirizi ya kutu au ya chumvi nyuma ya mota yake. Hiyo haizibwi, hubadilishwa nzima, na kwa kawaida inashikwa na skrubu chache, klipu mbili na soketi ya waya.

Na kama ukimulika unaona mpira umeguguniwa, umepata jibu ambalo vitabu vya mashine vingi havilitaji. Panya hupanda kupitia uwazi wa chini, hupenda joto la mota, na hutafuna mipira pamoja na waya. Hapo usiwashe tena mashine hadi waya zote zikaguliwe, kwa sababu waya uliovuliwa ngozi karibu na maji unaua. Badilisha mpira, kisha funga wavu wa chuma chini ya mashine, wenye matundu madogo lakini usiozuia hewa.

Bomba la kutolea maji

Kabla ya kulaumu mashine, angalia kama maji yanatoka ndani yake kweli. Bomba la kutolea likichomekwa kwenye bomba la ukutani lililoziba, maji hurudi juu na kumwagika nyuma ya mashine. Mimina ndoo moja ya maji kwa haraka kwenye bomba hilo la ukutani. Likifurika, tatizo ni la nyumba.

Bomba lenyewe hupasuka kwenye mikunjo yake na pale linapotoka kwenye mwili wa mashine. Kwa mashine ya mlango wa mbele yenye pampu, ncha yake inatakiwa iwe kati ya sentimeta 60 na 100 kutoka sakafuni. Wengi huilaza chini kwenye sakafu ya bafu. Matokeo yake maji yanajivuta yenyewe na kutoka wakati mashine bado inajaza, nayo inajaza bila kushiba. Ncha isizamishwe sana ndani ya bomba la ukutani wala kuzibwa pembeni kwa tambaa, iachiwe nafasi ya hewa.

Mashine za mlango wa juu na za beseni mbili

Nyingi za hizi humwaga maji kwa mteremko, bila pampu, kwa hiyo bomba lake linalala chini na hilo ni sahihi. Kinachozuia maji ni vali ya mpira chini ya beseni. Nywele, uzi au sarafu ikinasa hapo, maji yanachuruzika kwenye bomba muda wote na beseni halijai. Kwenye zile za beseni mbili, kitufe unachozungusha kumwaga maji huvuta ugwe unaoinua vali hiyo. Fungua kifuniko cha nyuma, fungua kikombe cha vali, osha mpira na mahali unapokaa, angalia springi. Ugwe ukiwa umekaza mno vali haitashuka hadi mwisho.

Zikivuja chini ya upande wa kukamulia, chanzo mara nyingi ni sili ya mpira iliyo kwenye mhimili wa kikapu. Huchanika kwa sababu watu hujaza nguo upande mmoja na kikapu kinayumba. Sili hiyo ni ya bei nafuu na fundi yeyote wa mtaani anaiweza, ila isicheleweshwe: maji yake yanadondokea mota iliyo chini.

Beringi

Mashine ya mlango wa mbele ikivuma wakati wa kukamua kama jenereta, ukasukuma ngoma kwa mkono ikacheza juu na chini, na nyuma ya pipa kuna michirizi ya kutu kutoka katikati, sili imekwisha na maji yameingia kwenye beringi. Kuendelea kufua kunaharibu mhimili na ile miguu ya alumini inayobeba ngoma, ambayo maji ya chumvi huila haraka. Kazi yenyewe inamtaka fundi avunje mashine yote. Muulize jambo moja kabla hajaanza: je, pipa la mashine hii limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani? La skrubu linafunguka, beringi na sili hubadilishwa pamoja, na mashine hudumu miaka mingine. Lililounganishwa moja kwa moja hukatwa kwa msumeno na kurudishwa kwa silikoni na skrubu, au hununuliwa pipa zima. Kwa mashine ya miaka kumi yenye pipa la namna hiyo, maoni yangu ni kwamba fedha hiyo iende kwenye mashine nyingine. Iliyo ndani ya waranti usiifungue hata skrubu moja.

Vyovyote ulivyorekebisha, endesha programu kamili bila nguo juu ya magazeti makavu, kisha nyingine ukiwa na nguo nusu mzigo, ukiwa hapohapo. Hakikisha mashine imesimama sawa kwa miguu yote minne na kwamba zile boliti za usafirishaji zilizo nyuma zimetolewa, maana mashine iliyowashwa nazo hutikisika hadi viungio vyote vilegee. Ukiona bado kuna maji, mwite fundi, na mtajie mambo matatu: yanatoka katika hatua gani, yakoje ukiyashika, na karatasi ipi ililowa kwanza. Atakuja na spea inayohitajika, na utalipia kazi moja badala ya tatu.